Siku ya Nne Mtoni: Mkuu Hajajibu

Kama ndiyo kwanza unakutana nami leo, karibu, ila usinicheke mapema. Vicheko vya kutosha vinakuja.

Mimi ni yule mwanamke wa masijala anayeitwa Kaimu. Nimekaimu ukuu wa idara miaka sita mfululizo. Jina nililopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu. Ofisini ni Kaimu, mtaani ni Mama Kaimu, na mume wangu akitaka kunichokoza huniuliza, "Hivi hata hapa nyumbani unakaimu, au umeshathibitishwa?"

Mkurugenzi wetu alirudi kutoka semina akiwa na jambo jipya kichwani: kwamba kiongozi hajulikani ofisini, hujulikana kwenye maji. Basi akatupakia kwenye boti la mpira, siku tano, kwenye mto unaokata pori ambalo simu hazishiki na barabara hakuna. Barua ya kunithibitisha alikuja nayo. Imechapwa, ina muhuri, ipo ndani ya kisanduku kisichoingia maji. Imebaki saini tu.

"Tukifika mwisho wa mto nitasaini," alisema, "au nitaichana."

Na kwa nini mtihani wa maji? Kwa sababu ya fomu. Miaka sita iliyopita fomu ya watumishi iliuliza vipaji vya ziada. Wenzangu waliandika kuimba na kushona. Mimi, shetani gani alinipitia sijui, nikaandika "kuendesha boti kwenye maji ya kasi." Wakataka ushahidi. Nikaenda studio moja ya picha yenye pazia lililochorwa maporomoko, nikavaa jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, nikakalia beseni, nikashika kasia la plastiki, nikapigwa picha nimetoa meno yote nje.

Picha ile imo ndani ya faili langu mpaka leo, imegongwa muhuri wa "Imethibitishwa". Yaani picha yangu ilithibitishwa kabla yangu.

Ukweli mnaujua nyinyi tu mnaonisoma: sijui kuogelea. Hata lile beseni lilinitisha.

Siku tatu za mwanzo niliponea kwa Dereva. Dereva wa ofisi ni mzee wa mabega mapana, imebaki miezi miwili astaafu. Siku ya kwanza tu alipokanyaga boti alianza kutetemeka. "Mama, mimi maji siyawezi," akaniambia mbele za watu. "Kaa na mimi, unishike mkono." Mkurugenzi akaamuru nikae naye katikati, chini kabisa sakafuni mwa boti, nimtulize. Wote wakanisifu kwa moyo wa huruma.

Jamani! Mimi ndiye niliyekuwa nimemng'ang'ania yule mzee mpaka kucha zangu zikaacha alama mkononi mwake.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikilizeni ya siku ya nne.

Asubuhi, chai haijapoa, mwongozaji wetu alitukusanya kwenye mchanga. Tunamwita Kapteni. Mwanamke mfupi, mikono migumu, maneno anayapima kama dawa.

"Leo tunapita Kinu," alisema. "Kinaitwa Kinu kwa sababu kinatwanga. Maji yanaingia kwenye koo la mawe, yanageuka kushoto, yanashuka. Nikisema mbele, mnapiga kasia mbele. Nikisema nyuma, nyuma. Hapo hapo."

Sote tukamtazama Mkurugenzi.

"Ni sawa," akasema Mkurugenzi.

"Sawa," tukasema sote.

Kapteni akafumba macho. Ugonjwa huu alikuwa ameuona siku tatu nzima. Akisema "Mbele!", hakuna kasia lililogusa maji mpaka Mkurugenzi akohoe kidogo, aseme, "Haya, mbele." Ndipo tupige. Siku ya pili tulipokuwa tunaelekea kugonga gogo, Katibu Muhtasi aliinua kasia lake akauliza, "Mkuu, tumepokea agizo la nyuma. Tuendelee nalo?" Gogo tuliligonga, lakini tuligonga tukiwa na kibali.

"Mkurugenzi," Kapteni akasema, "nakuomba kwa heshima zote. Leo agizo langu lisipitie kwako."

"Mimi sikuzuii, Kapteni. Lakini ofisi ina utaratibu. Hawa ni watumishi wangu. Wakianza kufanya mambo bila mkuu kujua, kesho nitawaongoza vipi?"

"Kesho ni ya aliye hai, baba."

"Hilo liingie kwenye kumbukumbu," akadakia Mama Fomu. Huyo ndiye afisa utumishi wetu, mwanamke ambaye asipoona karatasi haamini kama jua limechomoza. Katibu Muhtasi, kijana mtiifu wa kupindukia, akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akaandika.

Kisha Mkurugenzi akanigeukia, uso umejaa tabasamu. "Na leo mtaalamu wetu akae mbele. Kaimu, umebembeleza vya kutosha. Tuonyeshe yale ya kwenye picha."

Hapo hapo Dereva akainua mkono. "Mheshimiwa, na mimi nitabaki na nani?"

"Mzee, jikaze. Wewe ni mwanamume."

"Basi nikae nyuma yake. Nyuma yake kabisa, nimshike jaketi."

Watu wakacheka. Mkurugenzi akakubali.

Kinu tulikisikia kabla ya kukiona. Mlio wake uliingia tumboni kwanza, masikioni baadaye. Nilichomeka miguu chini ya ukingo wa boti kama Kapteni alivyotufundisha, nikamkumbuka mume wangu, nikamkumbuka Mungu, nikakumbuka na majalada mawili niliyoacha mezani bila kufunga. Mto ukapinda, na lile koo la mawe likawa mbele yetu, jeupe tupu kwa povu.

"Mbele!" Kapteni akapiga ukelele kutoka nyuma.

Makasia yakabaki hewani. Shingo zikageuka. Kasia moja tu nililisikia likizama majini, nyuma yangu, na sikuwa na nafasi ya kujiuliza ni la nani.

Mkurugenzi alikuwa amekalia sanduku la chakula, mahali alipopaita meza kuu. Kofia yake ngumu ilikuwa imemshukia machoni, na wimbi lilikuwa limeshamjaza kinywa. Akainua mkono.

"Mbeleee!"

"Mkuu hajajibu!" akalia Katibu Muhtasi.

"Huo mkono maana yake nini?" Mama Fomu akauliza. "Ni ndiyo, au tusubiri?"

Boti likageuka ubavu. Likapanda jiwe, likainama upande wangu, na mimi nikajiona nakwenda. Maji yakanifika kiunoni. Nikafungua mdomo nipige yowe, mto ukaniwahi.

Mara mkono ukanidaka jaketi mabegani. Ukaninyanyua mzima mzima kama gunia la mkaa na kunitupa ndani. Nilimwangukia Mkurugenzi, naye akanisukuma akiniambia, "Kaimu, heshima!"

Nilipoinua kichwa, mahali alipokuwa amekaa Dereva palikuwa wazi.

Kinu kilitutema upande wa kushoto, kwenye maji yaliyotulia, tukagusa ukingo wa mawe matupu. Ukingo ule haukuwa na mti wala kichaka, ni mawe laini kama sabuni. Kapteni alishuka ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Bega lilikuwa limetoka mahali pake, linaning'inia.

"Yule pale!" akasema Katibu Muhtasi.

Dereva alikuwa katikati ya mto, hatua kama ishirini kutoka tuliposimama, amekumbatia jiwe. Maji yalikuwa kiunoni mwake.

"Mguu!" akapaza sauti. Na sauti ya Dereva mnaijua, ni ya mtu aliyezoea kugombana na wenzake barabarani. "Mguu umebanwa chini!"

Kapteni hakumtazama yeye. Aliyatazama maji. Yalikuwa yamebadilika rangi, yameingia wekundu wa udongo, na majani mabichi yalikuwa yakipita juu yake.

"Mvua imenyesha huko juu," akasema. "Mto unapanda. Hana muda."

Akatueleza haraka haraka. Mtu aende juu kidogo, pale penye jiwe jeusi, afungwe kamba, aingie majini. Mto wenyewe utamchukua mpaka kwa Dereva. Wengine washike kamba huku ukingoni, na akifika waikaze ili asipitilize. Amchomoe mguu, amfunge kamba, wavutwe wote wawili. "Bega langu limekufa," akasema. "Siwezi kwenda, na kamba siwezi kushika. Nani anayajua maji?"

Hamna haja ya kuwaambia wote walimtazama nani.

"Kaimu," akasema Mkurugenzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehutubia. "Nilijua siku hii itafika."

Akafungua kile kisanduku, akatoa barua. Akamwambia Katibu Muhtasi ainame, akaiweka mgongoni mwake, akatia saini ndefu yenye mkia. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kuanzia dakika hii wewe si Kaimu tena. Ni Mkuu wa Idara. Nenda ukamlete Dereva."

Mama Fomu akapiga makofi matatu.

Nitawaambia ukweli, maana ndio nilioitiwa humu gazetini. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Mzee wa watu amebanwa majini, na mimi nasoma jina langu lililoandikwa bila lile neno mbele yake. Nilisoma mara mbili. Mungu anisamehe.

Kisha nikamsikia Dereva akikohoa. Maji yalikuwa yamefika mbavuni.

"Sijui kuogelea," nikasema.

"Usijishushe," akasema Mkurugenzi.

"Mkuu, sijui kuogelea. Sijawahi. Ile picha ni ya studio. Maporomoko ni pazia. Nilikuwa nimekalia beseni."

Mama Fomu akanikazia macho kama nimemtukana mzazi wake.

"Haiwezekani," akasema. "Picha ile imethibitishwa. Niligonga muhuri mimi mwenyewe. Kwa kumbukumbu zilizopo, wewe unajua kuogelea."

"Kumbukumbu zinasema uongo."

"Kumbukumbu hazisemi uongo! Wewe ndiye unayepingana na faili lako!"

Mkurugenzi alikuwa amebadilika rangi kama ule mto. "Hili sasa ni suala la nidhamu," akasema. "Tukae kikao cha dharura, hapa hapa. Akidi inatimia?"

"Inatimia, Mkuu," akasema Katibu Muhtasi akihesabu kwa kidole. "Dereva siye mjumbe, ni mwalikwa."

"Mnakaa kikao?" Kapteni akauliza. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama mtu asiyeamini macho yake.

Sauti ikatujia kutoka jiweni.

"Mwacheni huyo mama! Mimi nilijua siku zote!"

Tukageuka. Dereva alikuwa ameinua kidevu juu ya povu.

"Picha niliifuata mimi studio! Si ulinituma, mama? Ukaniambia ni ya pasipoti! Bahasha ilikuwa wazi!"

"Ulijua, Mzee? Na bado ukaniomba nikushike mkono?"

"Mimi nimekulia mtoni!" akapaza. "Maji nayaogopea nini? Nilikuwa nakushika wewe!"

Nilikaa chini kwenye yale mawe nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, kamasi na yote. Siku tatu mzee yule alijitetemesha mbele za watu, akachekwa, akaambiwa ajikaze, ili mimi nipate sababu ya kukaa sakafuni mwa boti. Kasia lililopigwa peke yake lilikuwa lake. Mkono ulionidaka ulikuwa wake. Na angekuwa amejishika mwenyewe badala ya kunishika mimi, asingekuwa pale jiweni.

Kapteni akanishika kola kwa mkono wake mzima, akaninyanyua.

"Sikiliza. Pale kuogelea hakumsaidii mtu. Anayejua kuogelea atapigana na mto, na atashindwa. Namtaka mtu atakayelala chali, miguu mbele, na kufanya ninachosema papo hapo nikikisema. Unaweza?"

"Naogopa."

"Sikukuuliza hilo."

"Naweza."

Akaanza kunifunga kamba kifuani kwa mkono mmoja na meno. Mkurugenzi akasogea, akanyoosha kiganja. "Barua," akasema.

Nikampa. Niliyoisubiri miaka sita ilikaa mkononi mwangu muda wa kuchemsha yai. "Chana tu, Mkuu," nikamwambia.

"Nitaitolea uamuzi," akajibu, akaanza kuisoma upya kama hajawahi kuiona.

Kapteni akawapa Mama Fomu na Katibu Muhtasi ncha ya kamba, akawapanga miguu kwenye mawe. "Hapa hapana mti wa kufungia. Mti ni nyinyi. Nikisema kaza, mnakaza. Asiposimama pale jiweni atapitiliza, na huko chini sitaki hata kuwaambia kuna nini. Mnanisikia?"

Walimtazama Mkurugenzi kwanza. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Ndipo wakasema, "Tunakusikia."

Nililiona hilo, wasomaji wangu. Nililiona kwa macho yangu haya na bado nikaenda, kwa sababu maji yalikuwa yameshamfika Dereva kifuani.

Tulipanda mpaka kwenye jiwe jeusi, Kapteni na mimi. Chini yangu mto ulikuwa unakwenda mbio, mwekundu, bila kumtazama mtu. Kapteni aliinua mkono wake mzima.

"Subirini!" Mkurugenzi akaita kutoka nyuma. "Kwanza tukubaliane nani atawajibika! Kaimu! Kaimu, nakuita mimi!"

Miaka sita mtu huyu akikohoa tu nageuka. Shingo ilitaka kwenda yenyewe, naapa.

"Ruka!" akasema Kapteni.

Sikugeuka. Nikaruka.

Baridi ilinipiga kifuani, maji yakaingia puani, yakatoka nisikokujua. Chali. Miguu mbele. Chali. Miguu mbele. Nilikuwa nalisema kwa mdomo uliojaa mchanga. Mbingu ikapita juu yangu kwa kasi, kisha nikaliona lile jiwe, na kando yake uso wa mzee, na mkono mpana umenyooshwa.

"Njoo, mama! Hivyo hivyo! Usifumbe macho!"

Sikufumba. Nilinyoosha wangu. Vidole vyangu vikagusa vyake, vikateleza, vikaishika mikono ya shati lake. Mto ulikuwa unanivuta miguu kuelekea kule chini Kapteni asikotaka kukusema. Maji yalikuwa shingoni mwa Dereva.

"Kaza!" Kapteni akapiga ukelele. "Kazaaa!"

Kamba haikukaza.

Ilielea pembeni yangu juu ya maji, imelegea. Nyuzi za lile shati zilianza kuachia. Nikageuza kichwa kuelekea ukingoni.

Mama Fomu alikuwa ameshika kamba. Katibu Muhtasi alikuwa ameshika kamba. Mikono minne mizima, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akinitazama mimi. Shingo zao zilikuwa zimegeukia nyuma, kwa Mkurugenzi, aliyesimama na barua yangu mkononi.

Mkurugenzi alikuwa bado anakohoa.